Wiki Sita na Dumu la Bi Zuhura

Binti yake alinipigia simu wiki iliyopita kunijulisha kwamba Mwalimu Wilonja amefariki, na kabla sijamaliza kusema pole akaongeza kwamba baba yake, mpaka siku zake za mwisho, alikuwa akimsimulia kila mgonjwa habari za mpagazi mmoja wa Kigoma ambaye mguu wake ulikataa kupona mpaka yeye alipoushika. Mtu habishani na msiba. Nikasema ndiyo, mwanangu, mpagazi mwenyewe ni mimi, Mungu amlaze pema, tukaagana vizuri, na tangu siku hiyo nimekasirika. Naamka nimekasirika, nakunywa chai nimekasirika, mke wangu ameshaacha kuniuliza. Si kwamba Mwalimu alikuwa mwongo. Alikuwa mkweli kupita kiasi, na ndiyo maana kuishi naye nyumba moja kulikuwa kunachosha. Ila katika hadithi yake ameniacha nitoke msafi, na mimi sikuwa msafi. Zile wiki sita ambazo mguu ulikataa, aliyekataa nilikuwa mimi, na nilikaa kimya nikamwacha mtu mzima ajilaumu. Kama hadithi itasimuliwa kwenye matanga, basi isimuliwe yote.

Ulikuwa mwaka ule watu wa ng'ambo ya ziwa walipovuka kwa wingi kukimbia vita, boti juu ya boti, na mji wa Kigoma ukawa hauna pa kuweka mguu. Mimi wa kwangu ulikuwa ndani ya plasta. Nilikuwa mpagazi pale mwaloni, nashusha magunia kutoka kwenye maboti ya mbao, na kazi yenyewe ilikuwa moja tu: kupita ubao. Ubao wenyewe ni upana wa miguu miwili iliyobanana, ncha moja botini, nyingine mchangani, na katikati unacheza. Una gunia begani, na kila hatua, kwa muda mfupi, mwili wote na gunia lote vimesimama juu ya mguu mmoja. Nilianguka nalo. Goti la kulia likageuka upande ambao magoti hayageukii. Walipoukata ule udongo mweupe baada ya majuma mengi, paja lililotoka humo sikulitambua. Nyapara wetu, Mha mmoja wa milimani kule Kalinzi, mtu wa maneno machache, alinisalimia "Mwakeye," akautazama mguu, akasema nafasi yangu ataishikilia mpaka boti kubwa la mahindi litakapofika kutoka kusini ya ziwa. Siku hiyo nikipita ubao na gunia, narudi kundini. Nisipopita, anachukua mwingine, na wengine walikuwa wamejaa ufukweni wanangoja. Sikuwa na kazi nyingine wala ujuzi mwingine.

Nilikuwa nimepanga chumba Ujiji, kwa Bi Zuhura, mjane aliyeuza mawese kwenye ua wake mwenyewe. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vilivyotazama ua: chake, changu, na cha katikati ambacho mwaka ule mlango wake ulikuwa na pazia la khanga lililoshushwa mchana kutwa. Bi Zuhura alikaa kwenye mkeka karibu na jiko, madumu yake yamepangwa kushoto kwake, faneli na kibaba kulia kwake, na wateja waliingia na kutoka tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilimheshimu, na nilimwogopa kidogo. Alikuwa na kanuni nyingi lakini iliyozizidi zote ilihusu mkono wa kushoto. Chakula hakipokelewi kwa kushoto, hakipakuliwi kwa kushoto, hakibebwi kwa kushoto. Mteja aliyenyoosha chupa kwa mkono wa kushoto alirudishiwa ile chupa bila neno, akasubirishwa mpaka ajue kosa lake. Nami nilikuwa nimelelewa hivyo hivyo, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote.

Nyuma ya pazia alikuwa Mwalimu Wilonja. Kule kwao ng'ambo alikuwa akifundisha wauguzi ile kazi ambayo leo hospitalini wanaiita fiziotherapia, kunyoosha viungo na kuamsha misuli. Alivuka na begi moja. Mkewe na binti yake walivuka kwa boti nyingine siku nyingine, na yeye alikataa kupelekwa kambini kabla hajapata habari zao, kwa sababu habari zote zilipitia mjini. Wakimbizi hawakuruhusiwa kukaa mjini. Bi Zuhura, ambaye hakumjua kabisa, alimpa chumba na hakueleza kwa nini. Masharti yalikuwa mawili: mchana asitoke uani wateja wakiwapo, na wakati wa kula atumie kijiko. Sharti la pili lilitokana na kwamba Mwalimu alikuwa mashoto. Siku ya kwanza alimega ugali wa muhogo kwa mkono wa kushoto, akauchovya kwenye sahani ya pamoja ya samaki, migebuka, na Bi Zuhura akaacha kula papo hapo. Tangu siku hiyo Mwalimu alikuwa na sahani yake na kijiko chake, na kila mlo alikitazama kile kijiko kama mtu aliyetukanwa.

Alinichukua kuwa mgonjwa wake bila mimi kumwomba. Alinichungulia kwenye upenyo wa pazia nikienda msalani, na jioni wateja walipoisha akatoka.

"Weye," akasema, "unatembea kama bata. Simama na muguu moja."

Nikasimama.

"Hapana ile! Ile ya kugonjwa."

Nikasimama kwa wa kulia, nikashika ukuta. Akanitoa mkono ukutani. Akaja nyuma yangu, akabonyeza vidole viwili ubavuni mwa nyonga, juu ya kikoi, mahali pale ambapo mtu mwenye hasira hujishika kiuno.

"Unaona? Nyonga ya huku inaanguka. Goti haina makosa tena. Hii musuli ya hapa njo iko nalala. Goti inabeba kazi yake, goti inachoka, weye unasema goti ni mbaya."

"Daktari alisema goti," nikamwambia.

"Daktari aliona picha ya mufupa. Mi naona mutu."

Ndivyo alivyokuwa. Kila jibu lake lilikuwa na mwiba, na kila nikikumbuka bado nataka kumjibu. Akanipangia kazi tatu, zote za mguu mmoja. Kwanza kupanda na kushuka kizingiti cha jiko. Pili kuchuchumaa kwa mguu wa kulia, wa kushoto ukiwa nyuma umewekwa juu ya kigoda. Tatu kuinama kwa mguu wa kulia peke yake, wa kushoto ukinyooka nyuma, mpaka kile nilichoshika kiguse ardhi, kisha kuinuka. Mara kumi na mbili, pumzika, mara kumi na mbili, pumzika, mara kumi na mbili tena. Pole pole. "Kushuka njo kazi," alisema, na njo yao ni ndiyo yetu. "Kupanda ni ya bure." Siku za mwanzo mikono ilikuwa mitupu. Baadaye akataka uzito, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Uzito uliokuwapo ulikuwa dumu la lita kumi la mawese. Maji yalikuwa yanachotwa na kupungua, na mchanga Bi Zuhura alikataa kwa ukali, dumu zuri haliharibiwi kwa mchanga. Basi likachukuliwa dumu moja lililojaa, likawekwa kando, likawa dumu langu la mazoezi. Jioni ile, Bi Zuhura akiwa chumbani mwake, Mwalimu alilitia katika mkono wangu wa kushoto. Alieleza kwa nini, na alieleza vizuri. Ukisimama kwa mguu wa kulia na mzigo ukiwa kushoto, mzigo unavuta nyonga ya kushoto chini, na msuli wa kulia lazima uamke uizuie. Mzigo ukiwa kulia, upande ule ule wa mguu uliosimama, mzigo wenyewe unamsaidia yule msuli, naye anaendelea kulala. Nilimsikiliza nikiitikia kwa kichwa. Moyoni nilisema kilo ni kilo, mpagazi hafundishwi mzigo.

Kesho yake, saa nne asubuhi, yeye yuko nyuma ya pazia, Bi Zuhura yuko mkekani, nikaliinua dumu kwa mkono wa kushoto.

"Yusufu," Bi Zuhura akasema, wala hakuinua sauti. "Chakula cha watu hicho."

Nikalihamishia kulia. Nilifanya hivyo haraka, bila kufikiri, kama ambavyo ungevua viatu mtu akikuambia umeingia navyo msikitini. Ikawa ndivyo hivyo siku ile, na siku iliyofuata, na wiki sita nzima. Mwalimu hakuweza kuona, kwa kuwa upenyo wa pazia ulitazama njia ya msalani, si jiko. Alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya khanga akisikiliza mguu wangu ukigusa kizingiti na kunihesabia kwa sauti ya chini: moja, mbili, pole, tatu, nimesema pole. Wateja walikuja, wakanikuta nimeinama kwa mguu mmoja na dumu mkononi, wakacheka, wakamuuliza Bi Zuhura kama mpangaji wake amechanganyikiwa. Kisha walianza mazungumzo yao ya kila siku, kwamba hawa watu wa ng'ambo wamepandisha bei ya dagaa, wamejaza visima, na kwamba serikali iwapeleke wote kambini, hata waliojificha majumbani. Waliyasema hayo hatua tatu kutoka pazia. Hesabu ya nyuma ya pazia ilikatika kidogo, kisha ikaendelea kwa kunong'ona. Bi Zuhura akawaambia faneli imeziba, wasimame kule mbali na pazia, kisha akawapimia mafuta yao.

Alfajiri, kabla ya wateja, Mwalimu alitoka kunipima. Dumu wakati huo lilikuwa bado limefungiwa chumbani kwa Bi Zuhura pamoja na mengine, kwa hiyo alinipima mikono mitupu. Vidole viwili ubavuni mwa nyonga. Simama. Chuchumaa. Wiki ya pili alisema ni mapema mno. Wiki ya tatu alisema paja limejaa, hilo ni zuri, lakini msuli wa nyonga bado, tuongeze mara tatu kila zamu. Tukaongeza. Wiki ya nne alisema labda ninaharakisha. Nikamwapia kwamba siharakishi, na hapo nilikuwa nasema kweli. Akaniuliza kama naweka mguu wote chini. Ndiyo. Kama naliweka dumu karibu na mwili. Ndiyo. Hakuniuliza mkono gani, kwa kuwa hiyo alishaieleza, na yeye alikuwa mtu anayeamini kwamba jambo likishaelezwa vizuri limekwisha.

Ningeweza kusema wakati huo. Naandika haya na bado sielewi kwa nini sikusema. Ningemwambia Mwalimu, angemkabili Bi Zuhura, na Bi Zuhura ndiye aliyekuwa amemficha. Hiyo ni sababu nzuri, na nilijipa sababu hiyo mara nyingi. Sababu ya kweli ni ndogo kuliko hiyo: niliona aibu. Niliona aibu kumwambia mwanamke mzee kwamba nitabeba chakula chake kwa mkono wa kushoto mbele yake, na nikaona aibu kumwambia mwanamume mzee kwamba sikumtii. Kati ya aibu mbili nikachagua kunyamaza, na mguu nikauacha ulipie.

Wiki ya tano tulikuwa tunakula kisamvu, sisi watatu, Mwalimu na sahani yake pembeni. Alikuwa ameshika kijiko bila kula. Akavitazama vidole vyake vya mkono ule mwingine, akavikunja na kuvikunjua.

"Kule nilikuwa nagusa mutu, najua," akasema. "Mara moja. Sasa nagusa huyu kijana kila siku na sijui kitu. Nyumba imeenda, chuo imeenda, bibi yangu na mutoto sijui wako wapi. Nilisema angalau vidole nimekuja navyo."

Bi Zuhura akamwambia ale, chakula kinapoa. Mimi nikamega tonge nikalitafuna muda mrefu. Hiyo ndiyo jioni ninayoikasirikia zaidi. Nilikuwa na neno moja la kusema, na nilikuwa na mdomo umejaa kisamvu, nikakimeza, nikaenda kulala.

Habari ilikuja mwisho wa wiki ya sita, siku ya Jumatatu. Mtu wa ng'ambo mwenzake alipita akaacha ujumbe: mkewe na binti yake wako kambini, wazima, wanamtafuta. Lori litakalowachukua waliosajiliwa linaondoka Alhamisi. Mwalimu alitoka nyuma ya pazia mchana kweupe, bahati hapakuwa na mteja, mikono ameiinua juu, anasema jina la binti yake. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, mguu wa kushoto juu ya kigoda. Akasimama. Furaha ilimtoka usoni, nikaiona ikitoka.

"Weye. Dumu iko mukono gani?"

Bi Zuhura akajibu kwa niaba yangu, bila wasiwasi wowote.

"Liko mkono unaostahili. Ni mafuta ya kula hayo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," nikasema.

Sijawahi kusikia mtu akigomba kwa Kiswahili cha ng'ambo kama siku ile, na nusu ya maneno hayakuwa Kiswahili. Wiki sita! Wiki sita kijana anaulisha usingizi msuli kwa dumu la lita kumi! Wiki sita yeye anajiambia vita imemla mpaka vidole! Bi Zuhura akainuka mkekani, jambo ambalo hakulifanya hovyo, akamwambia apunguze sauti au atapelekwa kambini kabla ya Alhamisi.

"Na kwa nini hukusema?" akamuuliza.

"Nilisema! Siku ya kwanza nilisema!"

"Ulimwambia kijana. Mwenye mafuta hukumwambia."

Hapo Mwalimu akaachana naye. Akanigeukia. Akachukua dumu, akalitia mkono wangu wa kushoto, akaniambia nisimame kwa mguu wa kulia, akaweka vidole vyake viwili palepale. Nilihisi ule msuli ukishtuka, ukatetemeka, ukakaza. Uliniuma vibaya. Akalihamishia kulia: ukalegea. Kushoto: ukakaza. Alifanya hivyo mara nne au tano, zaidi ya ilivyohitajika, na alikuwa amefumba macho. Kisha akakaa chini juu ya kigoda changu na akalia. Nilisema nisamehe, Mwalimu, nikasema tena, lakini sidhani kama alinisikia.

Siku tatu zilizobaki aliniweka mkono wa kushoto alfajiri na jioni, na hakuniambia hata neno moja la mwiba, jambo lililonitesa kuliko ukali wake. Alhamisi akaondoka na begi lake. Aliniambia mwezi mmoja, kila siku, bila kukosa, mukono wa kushoto, na kwamba boti ikija kabla nisipite. Akamshukuru Bi Zuhura. Akamrudishia kijiko, kimeoshwa.

Ijumaa saa nne nikasimama uani na dumu mbele yangu. Bi Zuhura alikuwa mkekani kama kawaida. Nikaliinua kwa mkono wa kushoto, nikangoja aseme. Aliinuka, akauburuta mkeka wake mpaka upande wa pili wa jiko, akaugeuza, akakaa kunipa mgongo, uso ukutani. Nikapanda kizingiti, nikashuka.

"Moja," akasema ukutani.

Alinihesabia mwezi mzima namna hiyo. Wateja walimkuta anatazama ukuta wakadhani amenuna, akawauzia mafuta kwa kuyapitisha juu ya bega lake. Hakugeuka hata mara moja, lakini masikio yake yalikuwa makali kuliko macho ya Mwalimu. Nikiharakisha kushuka aliirudia ile namba. Dumu lisipogusa ardhi alisema hajalisikia. Siku moja nilichoka nikalihamishia kulia, mara moja tu, naye akaacha kuhesabu. Mpaka leo sijui alijuaje.

Boti la mahindi lilichelewa mara mbili, na katika maisha yangu sijashukuru uzembe wa mtu kama nilivyomshukuru nahodha yule. Lilipofika nilikwenda mwaloni asubuhi. Nyapara akanitazama, akanionyesha gunia. Niliomba nitwishwe bega la kushoto. Zamani nilibebea la kulia, kama wote, kwa hiyo wenzangu wakacheka. Nikapanda ubao. Katikati pale unapocheza, mguu wa kushoto ukiwa hewani, gunia likavuta chini upande wake, na ubavuni mwa nyonga ya kulia kitu kikakaza kikalizuia. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nilitaka mtu aone. Hakuna aliyekuwa anatazama nyonga yangu, walikuwa wananipigia kelele nisogee. Nikashuka mchangani, nikalitua, na nyapara akasema, "Haya, lingine."

Niliporudi jioni Bi Zuhura alikuwa anafunga madumu yake. Aliniuliza kama nimepita.

"Nimepita, bibi. Magunia kumi na saba."

"Bega gani?"

Sikutaka kumdanganya tena mtu yeyote katika nyumba ile. "La kushoto, bibi. Yote."

Akaendelea kukaza vifuniko, kimoja baada ya kingine, kwa mkono wa kulia.

"Mahindi ya nani?"

"Ya kambini."

Akakaza kifuniko cha mwisho.

"Basi atayala Mwalimu," akasema. "Yeye hayatamdhuru."